Talaka ya Uwanja wa Ndege

Mume wangu aliniacha kwa talaka tatu katika uwanja wa ndege wa Istanbul, Jumamosi moja baada ya alasiri, mimi nikiwa Ole, Pemba, nimekaa upenuni kwetu na laptopu mapajani, na yeye amesimama mbele yangu amevaa msuli na fulana, kikombe cha chai mkononi. Istanbul hajafika. Hajafika hata Nairobi. Safari yake ndefu kuliko zote ni ile ya Dodoma, alipokwenda semina ya walimu, akarudi analalamikia baridi.

Naeleza kwa urefu kwa sababu watu wengi wanaijua nusu ya habari hii, na nusu waliyonayo ni ile mbaya.

Mume wangu anasomesha jografia sekondari, na kwa miaka kadhaa sasa anaandika riwaya ya biashara ya dawa za kulevya. Ukisema riwaya tu, anakusahihisha: riwaya ya kimataifa. Inaanzia Bogota, inapita Karachi, inavuka Istanbul, na miji yote hiyo imo katika atlasi yake ya kusomeshea, ambayo imechakaa hadi bahari ya Pasifiki imetoka na ukurasa wake. Shujaa ni Mpemba aliyeondoka kisiwani na nguo aliyovaa, akawa tajiri anayeogopwa na polisi wa mabara matatu. Na tajiri huyo anajisimulia mwenyewe: mimi nilifanya hivi, mimi nikamwambia yule. Nilimuuliza mume wangu kwa nini asiandike "yeye", kama watu wenye haya zao. Akanijibu kwamba "mimi" humvuta msomaji. Hilo sina ubishi nalo. Lilimvuta shangazi yangu.

Shida ni kwamba mwandishi wetu hajui lolote kuhusu dawa za kulevya. Moshi wa sigara tu unampa kikohozi. Magendo anayoyajua ni yale ambayo kila Mpemba wa rika letu aliyasikia akinong'onewa utotoni, ya karafuu kuvushwa Mombasa. Kwa hiyo dawa zake zote zina tabia za karafuu. Katika sura ya pili, majambazi wa Karachi wanauanika mzigo juu ya majamvi uani kwa bohari, na mtoto mmoja amewekwa aangalie mawingu. Niliacha kuchapa.

"Heroini inaanikwa?" nikamuuliza.

"Ikiwa na unyevu, bei inashuka," akasema.

"Na haya makonyo wanayochambua?"

Akakubali kuyaondoa makonyo, maana heroini haina vikonyo kama karafuu. Majamvi aligoma. Alisema hakuna mfanyabiashara duniani anayeweka mali yake chini kwenye udongo.

Adabu nazo zilimshinda kuziacha. Muuaji mmoja wa Bogota, kabla hajamfyatulia mtu risasi, alimsalimu, akamuuliza hali ya mama yake, akauliza kama kwao mvua zimeanza. Ukurasa mzima ulikwisha bila mtu kufa. Nikamwambia haya si ya kimataifa, haya ni ya sokoni Konde. Akasema adabu ni ya kimataifa.

Mimi ndiye niliyekuwa nikichapa. Zamani nilikuwa mpiga chapa ofisini, Chake Chake, mpaka wakubwa walipojifunza kujichapia wenyewe na mimi nikarudi nyumbani na vidole vyangu vyepesi. Mwandiko wa mume wangu ni wa mtu aliyezoea ubao. Kwenye karatasi, neno moja linajaza mstari. Basi tukapatana: yeye aseme, mimi nichape. Kila siku baada ya sala ya alasiri tulikaa upenuni, akawa Mturuki, akawa Mkolombia, akawa polisi, anakwenda na kurudi na msuli wake unamvuka, na mimi nachapa, namsahihisha, namzuia asiwape Waturuki wote masharubu. Niliyapenda sana majira yale ya jioni. Nalisema wazi kwa sababu mbele ya safari nitamsema vibaya.

Wiki ile shangazi yangu alikuja kutoka Kengeja na kikapu cha muhogo na ndizi. Ni dada wa baba, na ndiye aliyenilea, kwa hiyo nyumbani kwangu yeye ni mama, na mkwe, na mkaguzi. Alikaa kwenye mkeka pembeni akimenya muhogo, na masikio yake hayakuwa kwenye muhogo. Siku ya kwanza alidhani mume wangu anatusomea habari kutoka kwenye simu. Siku ya pili aliuliza kwani watu hawa hawasali. Jumamosi hakuuliza kitu.

Tulikuwa tumefika pazuri. Tajiri wetu yupo uwanja wa ndege, amezungukwa, anajua akiendelea kuwa na mke, mke atashikwa kwa makosa yake. Anampigia simu. Mume wangu akaweka chai chini. Akanitazama, si kama anavyonitazama tunapochapa, yaani macho kwenye kompyuta kuona kama nimemaliza, bali usoni hasa. Akasema kwa sauti nzito:

"Mke wangu, nisikilize. Leo nimekuacha. Nimekuacha kwa talaka tatu."

Nikachapa. Kisha nikamuuliza, "Tatu kwa herufi au kwa tarakimu?"

Kisu cha shangazi kililia kwenye sufuria.

"Kwa herufi," akasema mume wangu.

"Vaa baibui," akasema shangazi.

Nilicheka. Mume wangu naye alicheka, akamweleza kwamba yule si yeye, ni tajiri wa dawa za kulevya. Shangazi akamwambia kwamba tajiri hamuoni. Anayemuona ni mwanamume aliyemuoa mwanawe, amesimama mbele yake, kamwita mke wangu, kamwacha mara tatu, na mashahidi wapo, naye ni mmoja wao.

"Talaka haina mzaha," akasema. "Nshasoma chuoni miye, na weye ushasoma. Ikitoka imetoka. Mwanangu hakai nyumba hino mpaka shehe aseme."

Hapo kicheko kilinikatika. Asiyejua mambo yetu ataona tumepagawa, lakini talaka tatu si jambo la kuchezea. Ikiwa imeanguka, basi yule mwanamume ni wa kando kwangu, na kila siku nitakayolala naye ni haramu, na kunirudia hawezi mpaka niolewe na mwengine kweli, niachike kweli, nimalize eda. Na kama imeanguka au haikuanguka, mimi mpiga chapa sikuwa na ilmu ya kuamua. Nikavaa baibui.

Kulikuwa na jingine, ambalo shangazi alilisema njiani, tukiwa tumeshashuka kwenye gari Kengeja tunapita kwenye migomba, kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake.

"Mwanamume akiwa na neno asiloweza kulitoa," akasema, "hutafuta mdomo wa kuazima."

Mimi na mume wangu hatuna mtoto. Tumetembea kwa madaktari wa Chake na wa Unguja, tumekunywa dawa za majani, tumesomewa, na yule daktari wa mwisho alituambia kwa upole kwamba upungufu uko kwangu na tusipoteze nauli. Tangu siku hiyo watu wamekuwa wakimngoja mume wangu aoe mwengine. Hawasemi, wanangoja tu, kama wanavyongoja msimu. Yeye mwenyewe hakuwahi kutamka lolote. Akaanza kuandika riwaya. Basi nilipofika kwa shangazi nikalala kwenye kitanda changu cha usichana, swali halikuwa tena la fiqhi peke yake. Nilitaka kujua yule aliyeniacha alikuwa nani.

Kengeja habari zilitangulia kufika kabla sijafungua mkoba. Zilipotoka kwa shangazi zilikuwa sahihi. Sijui zilipita wapi. Asubuhi walikuja wanawake kunipa pole. Mmoja aliuliza mume wangu alikwenda Uturuki lini, mbona hakuaga. Mwengine alisema siku zote alimshangaa mwalimu anayenunua wino na karatasi nyingi vile, sasa kumbe ana biashara. Jirani wa nyuma, bibi mwenye huruma sana, alinisogelea akaninong'oneza kama ule unga kauacha ndani, niumwage chooni kabla askari hawajaja. Nikamwambia unga ulioko ndani ni wa ngano na nusu yake ina wadudu. Akaniangalia kwa masikitiko, akaniambia nizidi kumwomba Mungu.

Kueleza hakusaidii. Ukisema ni hadithi tu, wanauliza, sasa kama ni hadithi weye wafanya nini huku?

Mume wangu alipiga simu siku ya pili. Shangazi aliipokea yeye, akamsalimu kwa heshima zote, akamuuliza hali yake na ya nyumba na ya kuku, kisha akamwambia kwamba mpaka shehe aseme, yeye na mimi si watu wa kuzungumza. Akiwa na dharura, aseme dharura tu. Nikapewa simu, shangazi amesimama karibu, sikio limeelekezwa.

"Faili la sura ya kumi na mbili umelihifadhi wapi?" akauliza mume wangu.

Nikangoja nisikie kama kuna jingine. Halikuwapo.

"Kwenye folda ya Jografia Kidato cha Pili," nikamwambia, maana ndiko tulikokuwa tukilificha asije mwalimu mwenziwe akaliona. Nikamrudishia shangazi simu yake. Nilikasirika hata muhogo niliokuwa nikiutwanga ukawa uji. Mwanamke kaachwa, yupo kwa watu, anapewa pole na kijiji kizima, na mumewe anatafuta faili.

Siku chache baadaye nilijua kwa nini alilitaka. Kabla ya simu ile shangazi alikuwa ameshamchagua shehe, wa hapo hapo Kengeja, mtu wa makamo, mnene, mwenye ng'ombe wa maziwa na darasa la fiqhi ambalo watu hulijia kutoka mbali. Shehe alimsikiliza shangazi mpaka mwisho. Akasema neno haliamuliwi likiwa limekatwa peke yake. Lazima aone limetokea wapi na linakwenda wapi. Akamwagizia mume wangu amletee ukurasa. Mume wangu akatoa kopi Chake Chake, akaupeleka. Shehe akasoma, akasema ukurasa huu hauko wazi, huyu Mturuki katokea wapi? Akataka sura nzima. Alipoipata sura ya kumi na mbili, akasema hapana budi aanze mwanzo.

Hapo ndipo kesi yangu ilipoingia matopeni. Kila shangazi alipokwenda kuuliza hukumu, shehe alimwambia bado yumo. Mara yumo sura ya tano. Mara kafika Karachi. Mara moja tulikwenda pamoja, tukamkuta bandani anakamua, akamweleza shangazi, bila kuulizwa, kwamba yule Mkolombia mwembamba si mtu wa kuaminiwa na tajiri atakuja kujuta. Shangazi akamuuliza na mwanangu je. Shehe akasema hukumu ya haraka ni ya shetani, lakini akalisema hilo huku uso wake umegeukia dirisha la nyumba yake, ambako karatasi zake zilikuwa zimewekewa jiwe zisipeperuke.

Kuna kitu alisema siku ile ambacho nilikichukua nyumbani. Alisema majamvi ya Karachi yamempendeza sana. Alisema ndivyo mali inavyotakiwa kutunzwa. Nilicheka njia nzima, shangazi akadhani akili zimeanza kunitoka kwa majonzi. Usiku sikucheka. Nilikuwa nimemkumbuka mume wangu anavyoyatetea majamvi yake, kidole kimeinuliwa, nikajiona mjinga kumtamani mtu ambaye labda kanitupa.

Mwishowe shehe alimaliza, au tuseme karatasi zilimalizika, maana kitabu chenyewe kilikuwa kimesimama pale pale uwanja wa ndege kwa kukosa mpiga chapa. Akatuita nyumbani kwake baada ya alasiri. Mume wangu alikuja kutoka Ole na kanzu yake ya Idi, amekonda kidogo, na hilo lilinipendeza. Yeye na shehe walikaa sebuleni, shangazi akakaa nao kwa haki ya umri wake, na mimi nikawekwa chumba cha pili, nyuma ya pazia. Nasikia kila kitu, na kwenye upenyo naona goti la mume wangu na mkono wake juu yake.

Shehe alianza kwa kumsifu. Kisha akauliza, "Mwalimu, tukisoma katika Kurani maneno ya Firauni, aliposema yeye ndiye mola mkubwa, sisi tunakufuru?"

"La, shehe."

"Kwa nini?"

"Si maneno yetu. Tunasimulia aliyoyasema yeye."

"Vyema. Basi hii ni hikaya, na mwenye kuhadithia haachi mke. Haya maneno ni ya yule fasiki wa Istanbul, Mungu amuongoze."

Moyo wangu ulishuka mahali pake. Nilianza kuutafuta mkoba. Lakini shangazi alikohoa.

"Shehe, kunradhi. Firauni nnamjua. Lakini asomaye Kurani hamkazii mtu macho. Huyu kamtazama. Kamtazama mwanangu usoni, kasema mke wangu, kamwacha. Miye nlikuwapo na kisu mkononi."

Shehe akamuuliza mume wangu, "Ulimtazama?"

"Nilimtazama," akasema.

"Kwa nini?"

Ule mkono ukalishika goti. "Sikujua mke wa yule mtu angejibu nini. Nilifikiri nikimtazama mke wangu, labda nitaona. Yeye akaniuliza tatu kwa herufi au kwa tarakimu. Basi nikaachia pale."

Nilipandwa na hasira nyuma ya pazia, na papo hapo nikataka kucheka. Kumbe alikuwa akipima. Angeniambia anapima, ningemjibu, na shangazi angemalizia muhogo wake.

"Na huyo mke wa kitabuni," akauliza shehe, "jina lake nani?"

Mkono wa mume wangu ukalikuna goti.

"Nimesoma kwa makini," akaendelea shehe. "Mturuki ana jina. Mkolombia ana majina na lakabu. Hata mbwa wa forodha, anayenusa mizigo, ana jina. Mke hana. Sasa mwalimu, neno la talaka linamtafuta mwenyewe. Weye umelitoa halina pa kwenda. Ndiyo maana limeingia kwa aliye karibu. Hikaya ni hikaya, lakini mpe yule mwanamke jina, mambo yatengane."

Mume wangu akasema hilo ni jepesi, akataja jina moja. Shangazi akasema hilo ni la marehemu mama yake na hawezi kuachwa hali yupo kaburini. Akataja la pili. Shehe akaguna, na kutoka jikoni sauti ya kike ikasema kwamba mwenye jina hilo anawapikia uji. La tatu lilikuwa la mtoto wa shehe mwenyewe, kesho kutwa anaposwa. La nne hakuna aliyelijua mwenyewe, lakini shangazi alisema lazima yupo, Kengeja hakuna jina lisilo na mtu, na siku kitabu kikitoka ataletewa ugomvi mlangoni. Mwandishi wa kimataifa alikuwa akijipangusa jasho la kiganja gotini. Alikuwa na dunia nzima na hana jina la mwanamke mmoja wa kumwacha. Mwisho shehe akaamua tajiri awe ameoa Mturuki, maana Waturuki wako mbali, na shangazi akaridhia kwa sharti kwamba awe amesilimishwa vizuri.

"Sasa tumalize," akasema shehe. "Ili roho ya Bi Mkubwa itulie, na ya huyo aliye ndani. Apa kwamba ulipotamka hukumkusudia mkeo."

"Wallahi," akasema mume wangu, "sikuwakusudia watu wa nyumbani."

"Watu gani?" akasema shehe. "Nyumbani kwako pengine kuna na paka. Mtaje. Tumetoka kulisema hili sasa hivi."

Hapa lazima nieleze. Mume wangu haniiti jina langu. Si yeye peke yake. Wanaume wengi wa kwetu huona haya kumtaja mke mbele za watu. Mwenye mtoto huitwa mama fulani, na mambo yakaisha. Mimi si mama fulani. Kwa hiyo kwa watu mimi ni watu wa nyumbani, au huyo wangu, na tukiwa wawili mimi ni wee. Wee, chai. Wee, njoo uandike. Nilikuwa nimeshazoea, na nilikuwa nimeshasahau kwamba nimezoea.

Shangazi hakukohoa. Niliuona ule mkono juu ya goti, vidole vinajikunja na kujikunjua, na mimi nyuma ya pazia nikashikwa na hofu ambayo talaka yenyewe haikunipa. Niliwaza, hawezi. Kisha nikawaza vibaya zaidi: anaweza, ila hataki, maana akilitaja na kuapa atakuwa ameufunga mlango ambao kila mtu anamngoja autokee. Mdomo wa kuazima haukuwapo tena. Hakuwapo tajiri wala Mturuki, alikuwapo yeye tu na kanzu yake ya Idi.

Akasema. Alilitaja jina langu, kisha la baba yangu, kisha la babu yangu, ambalo sikujua kama analijua. Akaapa kwamba tangu aliponiposa kwetu hajawahi kunikusudia talaka, si tatu, si moja, si kwa mzaha, si kwa hasira, wala siku ile tuliporudi kwa daktari wa mwisho. Siku hiyo, akasema, alichokiomba ni kwamba mimi nisimwache yeye.

Shehe akaanza kusema jambo juu ya kiapo, na kwamba sasa huyo aliye ndani anaweza kuitwa.

Sikungoja kuitwa. Nilifunua pazia, nikatoka.